Jengo la Mfano

Bi Upepo hakupewa jina hilo kwa wepesi, maana mwili alijaliwa. Alipewa kwa sababu katika miaka yote ya udalali wa nyumba hakuwahi kumwonyesha mteja chumba bila kumwambia kwamba kina upepo tele. Chumba kisicho na dirisha kilikuwa na upepo tele. Stoo ilikuwa na upepo tele. Kuna mteja mmoja alionyeshwa nyumba ambayo nusu ya bati ilishang'oka, akatazama juu, akaiona mbingu, akasema, "Hapa, dada, hujanidanganya."

Kazi yake ilikuwa na kanuni, na kanuni kubwa ilikuwa kuipamba nyumba kabla mteja hajafika. Ndoo za kukingia mvua zifichwe. Ufa ufunikwe kwa kalenda. Kitu chochote kinachoonyesha kwamba humo ndani kuna mtu anayekohoa, anayeumwa magoti, anayezeeka, kiondolewe machoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na Bi Upepo ndiye aliyekuwa miguu ya kibaya. Alikula kwa kazi hiyo, akasoma chuo cha jioni kwa kazi hiyo hata akapata shahada ya kwanza ya utawala, akaitia kwenye fremu kubwa kuliko yeye.

Sasa dalali huyu, aliyeuza nyumba za watu bila kupepesa jicho, alikuwa na nyumba moja ambayo hakutaka kuisikia ikitajwa pamoja na neno kuuza. Ilikuwa nyumba ya mama yake. Babu mzaa baba aliijenga kwa kuta nene za mawe, ghorofa moja, na ngazi ya mbao iliyolia kila ikikanyagwa, kila kidato na sauti yake. Utotoni Bi Upepo aliweza kulala kitandani gizani akajua nani anapanda na kama amekasirika.

Kaka Mkubwa, kaka yake wa tumbo moja na mhasibu mstaafu, alitaka kuiuza. Alikuwa amempata mnunuzi aliyetaka kuibomoa ajenge mahali pa kuoshea magari. Basi ndugu wakakaa kikao. Kaka Mkubwa akasema nyumba ni mzigo. Bi Upepo akasema nyumba ni urithi. Kaka akasema urithi unavuja. Bi Upepo akasema hata wewe kaka unavuja, mbona hatujakuuza. Hapo mjomba wao, mwenyekiti wa kikao, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatafuta viatu vyake, akakata shauri.

"Hapa sote ni wapiga domo," alisema. "Hatuna mtaalamu. Siku akipatikana mtaalamu katika ukoo huu, neno lake ndilo tutakalolifuata. Mmekubali?"

Wakakubali. Kaka Mkubwa alikubali kuliko wote, maana alijua katika ukoo ule mtaalamu hayupo na hayuko njiani. Mama yao alikuwa anamimina chai. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuacha kumimina.

Wiki hiyohiyo Bi Upepo aliona tangazo la chuo kimoja: Cheti cha Uzamili katika Milki na Uhifadhi wa Majengo ya Kale. Mwaka mmoja tu, nawe ni mtaalamu wa kuuza majengo na wa kuyazuia yasiuzwe. Alihisi tangazo limeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kikao chao.

Chuo chenyewe kilikuwa ndani ya jengo la kale, na mlango wake ulikuwa na kibao: MLANGO HUU NI WA KALE, USIFUNGULIWE. Watu waliingia kwa dirisha, wakikanyaga kiti cha plastiki. Bi Upepo aliwahi kuwaingiza wateja kwa njia mbaya zaidi, kwa hiyo alikunja gauni akapita, ingawa dirisha lilimshika kiunoni na ikabidi asukumwe na mwombaji wa nyuma yake.

Ndani alikuta korido iliyogawanywa kwa mstari wa chaki. Upande wa Uhifadhi haukuwa umefagiliwa miaka mingi, kwa kuwa vumbi lilikuwa bado linachunguzwa. Upande wa Milki uling'aa, na kila pembe ilikuwa na bango la KUNAPANGISHWA, hata benchi la waombaji, hata kivuli cha kabati. Karani aliketi katikati, mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule.

"Unaomba upande gani, mama?"

"Pande zote mbili. Si cheti ni kimoja?"

"Cheti ni kimoja, ila wahadhiri wake wawili hawasalimiani," alisema karani kwa sauti ya chini. "Wa Milki alikipangisha chumba cha mwenzake wakati mwenzake yuko likizo. Wa Uhifadhi aliporudi akatangaza kiti cha wa Milki ni cha kale. Mpaka leo anafundisha amesimama."

Kisha akamweleza masharti. Shahada ya kwanza, ipo. Barua ya kueleza nia, ataandika. Wadhamini wawili, atawatafuta. Na jengo la mfano.

"Jengo la mfano ndiyo nini, mwanangu?"

"Jengo lako, unalolifahamu. Wahadhiri wote wawili watakuja kulikagua. Na kuanzia siku hiyo mpaka majibu yatoke, jengo libaki kama walivyolikuta. Lisiuzwe, lisikarabatiwe, msumari usitoke, sufuria isihame. Kikihama kitu, ombi limekufa."

Bi Upepo alishika neno moja tu. Lisiuzwe! Basi hata kabla ya cheti, kule kuomba tu kungemfunga kaka yake mikono. Hakuuliza swali jingine. Angeuliza majibu hutoka lini, angeambiwa kwamba hutoka yakitoka.

Barua aliiandika jioni hiyo, na kwa kuwa alijua namna moja tu ya kuandika, ilitoka hivi: "Mimi ni mwombaji mtulivu, mwenye nafasi, ninayefikika kwa urahisi kutoka barabara kuu." Wadhamini walimpa taabu zaidi, maana watu waliomfahamu vizuri kikazi ndio waliomkimbia sokoni. Mwisho mpangaji wake mmoja wa zamani alikubali kuandika mstari mmoja: "Mama huyu ana kipaji cha kuona katika nyumba mambo ambayo mtu mwingine hawezi kuyaona." Kamati ilisifu sana mstari huo.

Siku ya ukaguzi ilipokaribia, Bi Upepo alifika kwa mama yake na wachukuzi wawili, akafanya kile anachofanya kila mara. Tatizo ni kwamba mama yake aliishi chini. Magoti yalikuwa yamegoma zamani, na tangu yagome godoro lake lilikuwa sakafuni karibu na jiko, pamoja na beseni, fimbo, chupa za dawa na redio. Ndoo tatu zilikaa mahali pake pa kudumu chini ya matone. Haikuwa sura ya kumwonyesha mhadhiri. Godoro likapandishwa juu, likatandikwa kwenye kitanda cha zamani kwa shuka nyeupe. Fimbo, beseni na dawa vikaenda juu. Ndoo zikafungiwa stoo. Ukuta wa sebuleni ulikuwa na ufa mrefu, nao ukafunikwa na ile shahada ya kwanza kwenye fremu yake, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza ukubwa wa fremu ulipokuwa na maana.

"Mwanangu," alisema mama, ameshika ukuta, "leo nitalala wapi?"

"Juu, mama. Kwa leo tu. Kule juu kuna upepo tele."

Mama yake alimtazama. Wateja wengi walikuwa wamemtazama hivyo, lakini hakuna aliyewahi kumnyonyesha. Bi Upepo akageuka kunyoosha pazia. Wachukuzi wakampandisha mama taratibu, mmoja mbele, mmoja nyuma, ngazi ikilia kwa sauti zake zote.

Wahadhiri walifika na karani katikati yao. Mhadhiri wa Uhifadhi alikuwa na lenzi, brashi ndogo na rundo la stika za njano zilizoandikwa USIGUSE. Mhadhiri wa Milki alikuwa na stika nyekundu zilizoandikwa INAUZIKA. Hawakutazamana. Walipokezana nyumba kama wezi wawili wasiojuana waliokutana kwenye nyumba moja.

"Mwambie mwenzangu," mhadhiri wa Uhifadhi alimwambia karani, "kwamba masizi ya jiko hili ni ya vizazi vitatu. Yasifutwe." Akabandika njano.

"Mwambie mwenzangu," alijibu wa Milki, "kwamba jiko lenyewe litavunjwa, pawe na maegesho." Akabandika nyekundu.

Karani alikuwa anarudia kila neno, ingawa watatu wote walisimama mahali pamoja. Kizingiti kikapata njano, neno likasahihishwa kwa kalamu: USIKANYAGE. Kitasa njano. Utando wa buibui njano, na buibui mwenyewe nyekundu. Fremu iliteleza kidogo, mhadhiri wa Uhifadhi akachungulia nyuma yake, akaona ncha ya ufa, akashika kifua kwa furaha.

"Usiuguse huu kabisa!"

"Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema Bi Upepo, kwa kuzoea tu.

"Ukiuziba huu utajenga kesi," alisema mhadhiri, akabandika stika mbili.

Wakapanda juu. Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani, kama abiria anayengoja chombo asichokiamini.

"Huyu yupo hapa tangu lini?" aliuliza mhadhiri wa Uhifadhi.

"Tangu alipoolewa," alisema Bi Upepo.

"Na alikuwa anakaa hapa hapa? Kwenye kitanda hiki?"

Bi Upepo alinyoosha ncha ya shuka. "Hapa hapa."

"Basi ni sehemu ya jengo." Na kabla mtu hajasema lolote, mama akawa na stika ya njano begani.

"Mwambie bibi," alisema wa Milki, "kwamba nyumba yenye mtu ndani bei yake hushuka."

"Anasema unashusha bei, bibi," alisema karani kwa aibu.

"Mwambie asante," alisema mama. "Nilidhani sina ninachoweza tena."

Baada ya siku hiyo Bi Upepo alitembea kifua mbele. Kaka Mkubwa alipokuja na mnunuzi wake, walisimama nje wakisoma kizingiti. Mnunuzi alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Hakukanyaga, hakugusa kitasa, na alipoambiwa kwamba hata buibui ana mgogoro, aliaga. Kaka Mkubwa akabaki mlangoni amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, asijue aushushe wapi.

"Mdogo wangu, hii ni haki kweli?"

"Ngoja majibu, kaka. Mtaalamu yuko njiani."

Mama aliuliza jambo moja tu. Je, godoro lingeshuka lini? Bi Upepo akamweleza masharti, pole pole, kama anavyomweleza mpangaji kwa nini hatarudishiwa amana yake. Siku ile godoro lilikuwa juu, kwa hiyo mahali pake ni juu. Ni kwa muda tu. Mama akasema sawa. Mtoto wa jirani alikuwa anamletea chakula, na Bi Upepo mwenyewe aliishi ng'ambo ya mji na alikuwa na nyumba za watu za kuonyesha. Majibu hayakutoka. Ile leo tu ikawa wiki, wiki zikaanza kuvutana mkono.

Halafu mvua ikanyesha. Ilikuwa mchana, mvua ya kweli ya kupiga bati, na Bi Upepo aliyaacha maonyesho yake akakimbilia kwa mama, maana aliogopa stika zitalowa. Hilo ndilo lililomkimbiza, na ni vizuri lisemwe wazi: stika.

Alipofungua mlango alikuta maji yanamwagika sakafuni mahali pote pa ndoo. Alimwita mama, mama akaitika kutoka karibu sana. Alikuwa katikati ya ngazi. Ameketi kwenye kidato, ameegemea ukuta, shuka mabegani, mto nyuma ya mgongo, kikombe pembeni, fimbo imelazwa magotini. Palionekana ni mahali palipokaliwa siku nyingi.

"Mama! Unafanya nini hapo?"

"Nakaa."

"Unakaa kwenye ngazi?"

"Kupanda mpaka juu siwezi tena. Nikishuka, chini hakuna pa kulala. Nikaona hapa katikati pananitosha. Nilikagua kwanza, mwanangu, usiogope. Ngazi haikubandikwa kitu."

"Na ndoo, mama? Maji yote haya?"

"Ndoo zilikuwa stoo siku ile. Ulisema kisihame kitu."

Bi Upepo alipanda vidato vitatu, vikalia, akafika usoni pa mama yake. Hapo akaiona ile stika ya njano begani. Ilikuwa imechakaa, pembe zimekunjamana, na imeshikizwa kwa pini. Gauni halikuwa lile la siku ya ukaguzi.

"Hii mbona bado ipo?"

"Kila nikibadili nguo naihamisha," alisema mama. "Gundi iliisha, nikatafuta pini. Nisije nikakuharibia maombi yako."

Bi Upepo alikaa kwenye kidato cha chini yake akalia. Hakulia kama mtu mzima. Alilia kwa sauti, pua na mabega vyote vikishiriki, na aliona haya kiasi kwamba hakuweza kumgusa mama yake. Alikuwa ameificha nyumba nzima ya mama yake ili kuiokoa nyumba ya mama yake. Mama alimpapasa kichwa kwa mkono wenye kikombe, na chai kidogo ikamwagika.

Mvua ilipopungua, alilishusha godoro mwenyewe, akalivuta kidato kwa kidato, akalirudisha karibu na jiko. Akarudisha beseni, dawa na redio. Akatoa ndoo stoo. Mwisho akaishusha shahada yake ukutani. Nyuma yake ufa ulikuwa umekua tangu siku ile. Sasa kidole kiliingia.

Na kwa kuwa dunia haikosi vituko, kesho yake asubuhi karani wa chuo alipiga hodi, amevaa tai, uso umejaa bashasha.

"Hongera, Bi Upepo! Umekubaliwa pande zote mbili. Haijawahi kutokea. Naomba tu uweke sahihi kwamba hakijahama kitu tangu ukaguzi." Kisha akaliona godoro, na mama juu yake, anasikiliza redio. Sauti yake ikashuka. "Hilo godoro... lilikuwa hapo siku ile, si ndiyo?"

Karani yule alikuwa mtu mwema. Alimwachia mlango wazi kabisa. Ilibaki kusema ndiyo, na Bi Upepo alikuwa ameshasema ndiyo kubwa zaidi ya hiyo mara elfu, kwa faida ndogo kuliko hiyo. Nyumba ilikuwa yake kwa neno moja.

"Lilikuwa hapa kabla hamjaja," alisema. "Siku mliyokuja ndiyo halikuwepo. Mliyoikagua si nyumba ya mama yangu. Niliipamba."

Karani aliifunga kalamu. "Basi ombi limekufa, mama."

"Na lizikwe."

Kikao kikaitwa tena. Mjomba alikuja na viatu mkononi ili asivitafute. Kaka Mkubwa alikuja na mnunuzi kwenye simu. Lakini kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, mama aliiweka birika chini, na kila mtu akanyamaza, kwa kuwa hawakuwahi kumwona akiiweka chini kabla vikombe vyote havijajaa.

"Nimewasikiliza sana," alisema. "Huyu anataka kuuza, huyu anataka kuhifadhi, na mimi mnanizunguka kama kabati. Nyumba hii nimeipenda na imenichosha. Uzeni, hifadhini, shauri yenu. Mimi nahama. Mpanda ngazi hushuka." Akamgeukia binti yake. "Wewe si dalali? Nitafutie chumba. Cha chini."

Kaka Mkubwa alikuwa analitazama godoro karibu na jiko. Hakuwa amejua. Alikuwa akija hapo kila mwezi, akipima kiwanja kwa macho, na hakujua mama yake analala wapi. Akasema atapanda juu kumchukulia mama begi, na hakushuka. Walipomfuata walimkuta dirishani, kwenye chumba alichokulia, mtu mzima na kipara chake, amefunika uso kwa pazia.

"Zile fomu za chuo," aliuliza kutoka ndani ya pazia, "zinapatikana wapi?"

Na kweli akaomba. Mpaka leo anangoja majibu. Anaishi mle ndani peke yake, haruhusiwi kuhamisha hata sufuria, na akipita kwenye kizingiti huruka.

Bi Upepo alimtafutia mama yake chumba kama ambavyo hakuwahi kumtafutia mtu. Siku ya kumwonyesha hakupamba kitu. Alifungua mlango, akajaza kifua, na neno lake la miaka yote likamjia mpaka kwenye ulimi. Akalimeza, likapita kwa shida kama kidonge bila maji.

"Mama, dirisha linatazama ukuta. Jirani ana jenereta, na anaipenda. Maji hutoka yakijisikia. Pembeni pale kuna unyevu. Upepo hakuna."

"Na ngazi?"

"Ngazi hakuna."

Mama aliingia. Alitembea kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho, akarudi, bila kushika kitu. Godoro lilikuwa limeshatangulia, limewekwa mahali alipolitaka yeye, nalo alilikalia polepole mpaka akatulia. Kisha akafungua pini begani, akaitoa ile stika, maana hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwambia aivue. Akainyoosha kwa kucha, akaichomeka kwenye ubavu wa godoro, maandishi yakitazama mlangoni.

"Haya," alisema. "Sasa aje mtu anihamishe."